Mzee wako anapopata mafua ya msimu: dawa za mzio na figo au ini lililodhoofika



Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake.

Ndugu wasomaji, kila upepo unapogeuka, au masika yanapoanza, chafya husikika katika nyumba zetu tangu alfajiri. Watoto hupata, vijana hupata, na wazee wetu nao hupata. Kwa kijana jambo hili ni usumbufu tu: humeza kidonge, akalala, akaamka salama. Kwa mzee mwenye sukari au presha ya miaka mingi, kidonge kilekile kinaweza kumfikisha hospitali.

Tuchukue mfano ambao wengi watautambua. Mzee wa miaka 78 pua inachuruzika, macho yanamuwasha, usiku halali. Watoto wake wanampa Piriton asubuhi, mchana na usiku, kwa sababu ndiyo iliyomo kabatini na ndiyo wanayotumia wao wenyewe. Siku ya tatu mzee hamtambui mjukuu wake. Anazungumza na watu wasiokuwepo. Mkojo hautoki na tumbo la chini limejaa. Mmoja anasema ni uzee huo. Mwengine anasema amepatwa na shetani, atafutwe mtu amsomee. Kumsomea mgonjwa ruqya ni jambo jema na hakuna anayelipinga. Lakini hapa sababu imo ndani ya kabati, na muda wote ambao kidonge kinaendelea kutolewa, mzee anaendelea kuharibika.

Kwa ajili hiyo tumeona tulieleze suala hili kwa urefu kidogo, ili anayemtunza mzazi wake ajue la kuuliza na la kuepuka.

Mzio huu unatokana na nini?

Mzio, au aleji kama wengi tunavyouita, ni mwili kupambana na kitu kisicho na madhara kana kwamba ni adui. Kitu hicho kikiingia puani, mwili humwaga kemikali iitwayo histamini. Hiyo ndiyo inayoleta chafya, kamasi jepesi kama maji, kuziba pua, na muwasho wa macho na koo.

Katika hali ya hewa yetu, sababu kubwa ni wadudu wadogo mno wa vumbi wasioonekana kwa macho. Hupenda joto na unyevunyevu, na makaazi yao ni magodoro, mito ya sufi, mazulia na mapazia mazito. Wakati wa mvua huongezeka ukungu unaoota kwenye kuta na makabati. Kiangazi kikija huja vumbi la barabarani na chavua ya maua na majani. Na wakati wa karafuu kuanikwa majamvini, vumbi lake nalo huwasha pua. Moshi wa kuni, wa taka zinazochomwa, na hata wa udi na ubani si mzio wenyewe, lakini huikera pua ambayo tayari imevimba.

Kwa nini mzee si sawa na kijana?

Dawa yoyote tunayoimeza lazima itoke mwilini. Njia kubwa za kuitoa ni mbili: ini huivunjavunja, na figo huichuja ikatoka na mkojo. Kiungo hicho kikidhoofika, dawa hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Dozi ya leo hukutana na mabaki ya jana, na ya kesho hukutana na mabaki ya zote mbili. Mzee hakupewa dawa nyingi, lakini ndani ya damu yake dawa imekuwa nyingi.

Figo hupungua nguvu kwa umri hata kwa mtu asiye na maradhi. Akiwa na sukari au presha hupungua zaidi, kwani hayo mawili ndiyo maradhi yanayoharibu figo za watu wengi zaidi. Ini nalo huweza kuwa limeshaharibika kwa homa ya ini aina ya B iliyokaa mwilini miaka mingi bila mtu kujua.

Na hapa kuna jambo linalowapotosha wengi. Mzee anapimwa damu, karatasi ya maabara inaonesha kreatinini iko sawa, na watoto wanarudi nyumbani na furaha kuwa figo ni nzima. Kreatinini hutokana na misuli. Mzee aliyekonda ana misuli kidogo, kwa hivyo kipimo chake huonekana kizuri hata pale figo zinapochuja kidogo. Madaktari hutumia hesabu inayotia ndani umri na uzito. Mojawapo, inayotumika tangu mwaka 1976, ni hii: chukua 140, toa umri, zidisha kwa uzito wa kilo, kisha gawa kwa 72 iliyozidishwa kwa kreatinini. Kwa mwanamke, jibu lizidishwe kwa 0.85.

Tuijaribu. Bibi ana miaka 78, ana kilo 45, na kreatinini yake ni 1.1. Ukitoa 78 katika 140 hubaki 62. Mara 45 ni 2,790. Na 72 mara 1.1 ni 79.2. Ukigawa hupata kama 35, na ukizidisha kwa 0.85 hubaki kama 30. Sasa chukua mjukuu wake wa kiume wa miaka 25 mwenye kilo 70, na kreatinini ileile ya 1.1. Jibu lake ni kama 102. Karatasi zao za maabara zina namba moja, lakini figo za bibi zinachuja chini ya theluthi ya zile za mjukuu. (Ikiwa maabara imeandika namba kubwa kama 97, hicho ni kipimo cha mikromoli, kigawe kwa 88 kwanza.)

Hesabu hii si ya kujipangia dozi nyumbani. Tumeieleza ili mtu asidanganyike na neno "kawaida", na amuulize daktari: "Figo za mama zinachuja kiasi gani kwa umri na uzito wake?"

Kwanza tuhakikishe kuwa ni mzio

Mzee aliyeishi miaka 70 bila ya mzio kisha ghafla akaanza, yafaa aonwe na daktari kabla ya kupewa dawa ya duka. Pua za wazee wengi huchuruzika wakati wa kula chakula cha moto au upepo ukibadilika, na huo si mzio. Vidonge vya mzio haviusaidii sana. Kikohozi kikavu kisichokwisha huweza kutokana na baadhi ya dawa za presha, kama enalapili na kaptopili. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, khasa kikiwa na homa za usiku na kukonda, kipimwe kifua kikuu. Pua inayoziba upande mmoja tu au inayotoa damu mara kwa mara ichunguzwe upesi. Na mzee anayepumua kwa shida akilala chali, huku miguu imevimba, huyo tatizo lake huenda likawa ni moyo au figo. Asicheleweshwe kwa vidonge vya mafua.

Tuanze na yasiyopita kwenye figo wala ini

Tiba bora kwa mzee mwenye figo au ini dhaifu ni ile isiyoingia sana katika damu.

La kwanza ni chumba chake. Godoro na mito vitolewe juani mara kwa mara. Mto wa sufi wa miaka mingi ubadilishwe, au uvishwe foronya nzito inayofumba vizuri. Mashuka yafuliwe kila wiki, na kwa maji ya moto ikiwezekana. Sakafu ipigwe deki badala ya kufagiliwa vumbi likapanda, na mzee asiwemo chumbani wakati huo. Ukungu ukutani usafishwe na madirisha yafunguliwe wakati wa jua. Chetezo cha udi kiwekwe mbali naye kwa siku anazoumwa. Wanaosimamia misikiti nao wakumbuke mazulia: mzee anayesujudu mara tano kwa siku juu ya zulia lenye vumbi hupumua vumbi hilo kila sijda.

La pili ni kusafisha pua kwa maji ya chumvi. Chemsha nusu lita ya maji, yaache yapoe yawe vuguvugu, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha magadi ya kupikia keki. Mzee ainame juu ya beseni, maji yaingizwe taratibu tundu moja la pua kwa bomba la sindano lisilo na sindano, yatokee upande wa pili huku anapumua kwa mdomo. Yatengenezwe mapya kila siku. Maji yaliyobaki yamwagwe. Maji ya mfereji au ya tangi yasiyochemshwa yasitumike kwa kazi hii, kwa sababu yanafika ndani zaidi kuliko yale ya udhu.

La tatu ni dawa ya kupuliza puani yenye steroidi, kama beklometasoni, flutikasoni au mometasoni. Kwa mzio wa pua unaosumbua kila siku, dawa hizi ndizo zenye nguvu zaidi, na kiasi kinachoingia katika damu ni kidogo. Wengi huziacha mapema kwa kudhani hazifanyi kazi. Hazifanyi kazi kwa saa moja. Huchukua siku kadhaa, mpaka wiki mbili, na lazima zitumike kila siku. Namna ya kutumia: inamisha kichwa mbele kidogo, tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa la kulia, elekeza upande wa nje wa pua na si kwenye ukuta wa katikati, na usivute kwa nguvu. Damu ikitoka mara kwa mara, simamisha na umuone daktari. Mwenye kutumia dawa za VVU amwambie daktari kabla, kwani baadhi ya dawa hizo huzuia mwili kuitoa flutikasoni.

Kwa macho, kitambaa safi cha maji baridi husaidia, na yapo matone ya mzio ambayo daktari anaweza kuyaandika.

Vidonge: kipi kinatoka kwa njia gani?

Ikiwa hayo hayatoshi, vidonge vipo. Lakini vyote si sawa.

*Setirizini.* Inapatikana kwa wingi na bei yake ni nafuu. Sehemu kubwa yake hutoka kwa figo ikiwa haijabadilika. Dozi ya mtu mzima ni miligramu 10 kwa siku. Kwa figo zilizopungua, daktari kwa kawaida huishusha hadi miligramu 5, na zikipungua zaidi huipa siku moja ndani, siku moja nje. Figo zikishafika mwisho, miongozo mingine haiiruhusu kabisa. Levosetirizini ni ndugu yake na ina tahadhari hizohizo. Mzee anayepewa setirizini nzima kila siku akawa analala mchana kutwa na kuyumba akienda msalani, huenda dawa imemjaa.

*Loratadini.* Hii huvunjwa na ini. Dozi ya kawaida ni miligramu 10 kwa siku. Mwenye ini lililoharibika sana huanzishwa kwa siku moja ndani, moja nje. Kwa figo zilizodhoofika sana pia wapo madaktari wanaoipunguza hivyohivyo.

*Feksofenadini.* Haipiti sana kwenye ini na ndiyo yenye kusinzisha kidogo zaidi kati ya hizi. Hata hivyo huongezeka katika damu ya mwenye figo dhaifu, kwa hivyo huanzishwa kwa dozi ndogo. Imezwe kwa maji matupu. Maji ya machungwa, ya balungi na ya matufaha huizuia isiingie mwilini, na mzee ataonekana dawa haimfai kumbe ni juisi. Dawa za kiungulia zenye alumini na magnesiamu ziachane nayo kwa saa mbili.

Kwa ufupi, setirizini inataka figo, loratadini inataka ini, na feksofenadini inataka dozi ndogo na maji matupu. Ipi inamfaa mzee wako ni uamuzi wa daktari au mfamasia mwenye vipimo vyake mkononi.

Vya kuepuka

*Piriton na jamaa zake.* Klorofeniramini, prometazini na difenihidramini huingia kwenye ubongo. Kwa mzee huleta usingizi mzito, kuchanganyikiwa, kuanguka, kukauka mdomo, kufunga choo na mkojo kuziba, khasa kwa mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba. Mkojo ukiziba, figo ambazo zilikuwa dhaifu huumia zaidi. Mwenye presha ya jicho naye huweza kupata madhara. Mwenye ini bovu, dawa ya kusinzisha inaweza kumvuruga akili. Jumuiya ya madaktari wa wazee ya Marekani imeziweka dawa hizi katika orodha ya zile ambazo wazee waepushwe nazo. Mara nyingi humo ndani ya dawa za kikohozi za maji na vidonge mseto vya mafua, kwa hivyo msomee mzee kila kilichoandikwa kwenye pakti.

*Dawa za kuzibua pua.* Sudoefedrini hupandisha presha na hutoka kwa figo. Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Ulaya iliamua isitumiwe na mwenye ugonjwa mkali wa figo wala mwenye presha kali au isiyodhibitiwa. Matone ya kuzibua pua nayo yasipite siku tano, kwani pua huzoea na kuziba zaidi kuliko mwanzo.

*Diklofenaki na ibuprofeni.* Hazitibu mzio, lakini mara nyingi hutolewa pamoja na dawa za mafua. Kwa figo dhaifu ni khatari. Na kwa mwenye ini bovu, angalia parasetamoli isije ikahesabiwa mara mbili: ndani ya dawa mseto, na Panadol juu yake.

*Sindano na vidonge vya "kukata mzio".* Mara nyingi huwa ni steroidi kama deksametasoni. Humpa mzee nafuu ya haraka, kisha sukari ikapanda na presha ikapanda. Isitolewe bila ya daktari anayejua maradhi yake.

*Dawa za asili.* Asali na habbat sauda zina nafasi yake kwetu, na hatuidharau. Lakini habbat sauda kwa wingi inaweza kushusha sukari na presha ya mzee ambaye tayari anameza dawa za kushusha. Mizizi na majani yasiyojulikana yaliyomo ndani ya dawa hizo yanaweza kudhuru figo na ini. Daktari aambiwe kila kitu anachotumia. Na ule ushauri wa "kunywa maji mengi" usimhusu mgonjwa wa figo aliyewekewa kipimo cha maji.

Masuala ya ibada yanayoulizwa

*Dawa ya kupuliza puani inafunguza?* Wanachuoni wamekhitalifiana. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo inayofuatwa na wengi visiwani, kinachoingia ndani kupitia puani hufunguza. Baraza la kimataifa la Fiqhi lenye makao yake Jeddah, katika kikao chake cha mwaka 1997, liliamua kuwa matone na dawa ya kupuliza puani havifunguzi ikiwa mtu hatameza kinachofika kooni. Kwa bahati nzuri, dawa hizi nyingi ni za mara moja au mbili kwa siku. Mzee apulize baada ya kufutari na, ikihitajika, wakati wa daku. Hapo anatoka katika khitilafu bila kukosa tiba. Vidonge vya mara moja kwa siku navyo vimezwe usiku.

*Mzee asiyeweza kukaa bila dawa au maji mchana?* Daktari mwaminifu akisema saumu itamdhuru, sheria imempa rukhsa. Akiwa hatarajiwi kupona, hulisha masikini kwa kila siku. Asilazimishwe kufunga kwa kuona haya mbele ya watu.

*Kuvuta maji puani wakati wa udhu?* Ni sunna, na wakati wa saumu mtu asizidishe. Mzee ambaye pua yake inauma avute kidogo tu.

*Dawa za maji zenye alkoholi?* Vipo vidonge na dawa zisizokuwa nayo. Muulize mfamasia akupe hizo.

Dalili za kumkimbiza hospitali

Mpeleke mara moja ukiona amechanganyikiwa ghafla, hapati mkojo kwa saa nyingi, anapumua kwa shida au kifua kinalia, midomo au uso umevimba, ameanguka, au macho yamegeuka manjano. Chukua dawa zake zote uende nazo, pamoja na zile za duka na za mitishamba.

Na leo, kabla ya msimu kukaza, tunakuombeni jambo dogo. Fungua kabati la mzazi wako. Toa dawa zote uziweke katika mfuko mmoja. Andika umri wake, uzito wake na kipimo chake cha mwisho cha kreatinini katika karatasi. Nenda navyo kwa daktari au mfamasia, uulize kimoja baada ya kimoja: hiki kinatoka kwa figo au kwa ini, na dozi hii inamfaa? Hilo nalo ni katika wema kwa wazazi.

Tunamuomba Allah (S.W.) awape wazee wetu afya njema, awarehemu waliotangulia, na atujaalie tuwe ni wenye kuwatunza vyema.

Wallahu a'lam.